Tarehe ya bildi bila kulinki upya kila ukiandika make

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tabata, yuko kwenye timu inayoandika programu za mashine za malipo, zile za madukani. Nalifupisha. Kodi yao ni ya C na C++, inatoa programu 34, na kila programu lazima ionyeshe ilibildiwa lini, maana mteja akipiga simu kitu cha kwanza anachoulizwa ni "skrini inasema toleo la lini?" Mwanzoni walikuwa na skripti inayoandika tarehe kwenye heda version.h kila make (programu inayobildi kodi kwa kufuata makefaili) inapoanza, na heda hiyo inaingia karibu kila faili, kwa hiyo wakawa wanakompaili (kuigeuza iwe lugha ya mashine) kodi nzima kila saa. Wakahamishia tarehe kwenye version.c, wakaiwekea FORCE, yaani itengenezwe kila mara hata kama haijabadilika. Sasa linakompailiwa faili moja tu, ila programu zote 34 zinalinkiwa upya (vipande vinaunganishwa tena kuwa programu) hata kama hajagusa kitu, dakika kama 11 kwenye laptopu yake. Anauliza: "Kaka, kuna namna ya kupata tarehe ya kweli bila hizi dakika, au ndo tuzoee tu?"

Dada, habari ya kazi. Msizoee, hizo dakika mnazitoa bure kabisa. Namna ipo na ni ya mistari mitatu, ila ina mitego yake, na nataka nikupitishe yote maana hii ishu nimeona inakula muda wa watu wengi sana hapa mjini, mtu anakaa anaangalia skrini ikilinki wakati hajabadilisha hata herufi.

Tuanze na kosa lenyewe. make haijui toleo wala haijui kalenda, inachojua ni faili lipi jipya kuliko lipi, ndo ilivyo tangu Stuart Feldman alipoiandika pale Bell Labs mwaka 1976. Ikikuta kinachotegemewa ni kipya kuliko kinachotegemea, inatengeneza upya. Sasa nyie mmeiambia kwamba kila programu inategemea version.o, faili linalotoka version.c ikishakompailiwa, alafu mmeiambia version.o itengenezwe kila mara, kwa hiyo kila mara version.o ndo faili jipya kuliko yote na programu zote 34 zinaonekana zimepitwa na wakati. make imetii tu mlichoiambia. Tarehe mmeifanya kuwa sababu ya kulinki, wakati ilitakiwa iwe matokeo ya kulinki.

Unajua ukienda serikali ya mtaa kuchukua barua ya utambulisho, mtendaji anaandika barua, anasaini, alafu mwisho kabisa anachukua ule muhuri wa tarehe, wenye namba za kuzungusha kwa kidole, anagonga. Asubuhi akizungusha namba ya siku, haandiki upya barua za mtaa mzima. Barua inayotoka leo ndo inagongwa tarehe ya leo, zilizotoka juzi zinabaki na ya juzi na zote zinasema kweli. Programu zako nazo ziwe hivyo.

Kwenye makefaili inakuwa hivi:

```
kituo: $(VIPANDE) muhuri.c
	cc -c muhuri.c -o $@.muhuri.o
	cc -o $@ $(VIPANDE) $@.muhuri.o
```

Na ndani ya muhuri.c:

```
const char muda_wa_bildi[] = __DATE__ " " __TIME__;
```

VIPANDE ni mafaili ya .o ya programu hiyo. Angalia vizuri nini kiko kwenye mstari wa kwanza na nini hakipo. muhuri.c ipo, kwa sababu ukiihariri unataka programu ilinkiwe. muhuri.o haipo kabisa. make haiijui, haiifuatilii, inazaliwa ndani ya amri za kulinki na haina kazi nyingine. Ukiandika make na hakuna kipande kilichobadilika, hizo amri hazifanyiki, hamna kukompaili muhuri, hamna kulinki. Ukigusa faili moja la kodi, kipande chake kinakuwa kipya, make inaingia kwenye amri za kulinki, cha kwanza inakompaili muhuri sekunde hiyo hiyo, alafu inalinki. Tarehe haiwezi kuwa ya zamani kuliko programu, kwa sababu vinatoka pamoja. Na gharama yake ni kukompaili faili la mstari mmoja, hata hutaiona.

Najua kwa nini mliweka FORCE, maana kuna kosa la upande wa pili ambalo ni baya zaidi, na limenikuta. Sehemu moja niliyofanya kazi zamani tulikuwa tumeandika __DATE__ ndani ya main.c, tukaona tumemaliza. Sasa __DATE__ na __TIME__ zinajazwa pale faili linapokompailiwa, si pale programu inapolinkiwa. main.c ilikuwa haiguswi, ina wiki tatu haijakompailiwa, mafaili mengine yanabadilika kila siku. Mteja mmoja Kariakoo akapiga simu mashine yake inakosea kujumlisha, akatusomea tarehe ya kwenye skrini, tukatafuta kodi ya tarehe hiyo, tukaijaribu mezani, inajumlisha vizuri. Siku mbili tunamwambia mama wa watu mashine yako iko sawa, na yeye anatuambia haiko sawa, na alikuwa anasema kweli. Mashine ilikuwa na kodi ya juzi yenye tarehe ya wiki tatu nyuma. Bora ukose tarehe kabisa kuliko kuwa na tarehe inayodanganya, kwa hiyo aliyeweka FORCE kwenye timu yenu alikuwa na nia nzuri, ila alifunga mlango mmoja akaacha mwingine wazi.

Sasa mitego. Umeona nimeandika $@.muhuri.o na sijaandika muhuri.o tu? $@ ni jina la programu inayolinkiwa, kwa hiyo kituo inapata kituo.muhuri.o, na ripoti inapata ripoti.muhuri.o. Una programu 34 na bila shaka mnabildi kwa make -j8 au zaidi, maana yake programu nane zinaweza kulinkiwa kwa wakati mmoja, na zote zikiandika muhuri.o moja, ipo siku moja itakuwa inaisoma wakati nyingine inaiandika. Utapata kosa la linka linalokuja leo, kesho halipo, keshokutwa limerudi, na utalitafuta mpaka uchoke. Kila programu iwe na muhuri wake.

Mtego wa pili ndo nahisi uko kwenye hizo dakika zako 11. Naamini version.o yenu mmeiweka ndani ya laibrari ya pamoja, ile ya .a ambayo programu zote zinaitumia, kwa sababu inaonekana ndo mahali pake pa kawaida. Itoeni humo. Ikikaa kwenye laibrari, laibrari inakuwa mpya, na kila kinachotegemea laibrari kinalinkiwa, hata ukifanya ujanja gani mwingine. Muhuri ukae kwenye programu ya mwisho tu. Kodi ya laibrari ikitaka kuisoma tarehe, iitangaze kwa extern (yaani ipo kwenye faili jingine) na linka itaikuta kwenye kituo.muhuri.o, haina shida.

Mtego wa tatu ni wa C++ na unawakuta hata wazoefu. Mkiamua muhuri uwe .cpp badala ya .c, kumbuka kwenye C++ kitu cha const kilichotangazwa nje ya fankisheni hakionekani nje ya faili lake. Linka itakuambia haikijui, na wewe unakiona pale kwa macho yako. Andika extern mbele yake, au jumuisha heda yenye tangazo la extern. Mi ningeiacha ikae .c na kwenye heda niweke extern "C" kwa ajili ya upande wa C++. Na kwenye heda liwe tangazo tu, msirudishe thamani yenyewe kwa #define, hapo mtakuwa mmerudi mlikotoka.

Hapo swali lako limejibiwa, lakini nina neno juu ya tarehe yenyewe, kwa sababu naona mnaitegemea kwa kazi ambayo haiwezi kuifanya vizuri.

__TIME__ inatoa saa ya mashine iliyokompaili. Laptopu yako iko saa za Dar, masaa matatu mbele ya UTC (saa ya kimataifa), na seva yenu ya kubildi kama mmeikodi nje inawezekana kabisa iko UTC. Bildi iliyotoka saa nane na nusu usiku kuamkia tarehe 12 kwa hapa, seva inaiandika 23:30 ya tarehe 11. Hapo tayari watu wawili wanaongelea siku mbili tofauti. Alafu ongeza na hili letu sisi: skrini inaonyesha 09:15, mwenye duka anakusomea kwa simu "saa tatu na robo", na yuko sawa kabisa, ila kijana wa sapoti anaandika 03:15 kwenye tiketi kwa sababu amezoea namba za kompyuta. Masaa sita yamepotea kwenye simu ya dakika moja. Nimeona hii zaidi ya mara moja na kila mara watu walikuwa wanatafuta bildi ambayo haijawahi kuwepo.

Kwa hiyo mi siitumii __DATE__ tena. Inaandika mwezi kwa herufi tatu za Kiingereza, siku ikiwa ya tarakimu moja inaongeza nafasi, ukizipanga kwa alfabeti Aprili inakuja kabla ya Januari. Badala yake napitisha muda kutoka nje:

```
	cc -DMUDA="\"`date -u +%Y-%m-%dT%H:%M:%SZ`\"" -c muhuri.c -o $@.muhuri.o
```

Ile -u ni UTC, na Z mwishoni inamwambia anayesoma hivyo hivyo, na mpangilio wa mwaka-mwezi-siku unajipanga wenyewe. Ndani ya muhuri.c unaandika MUDA pale palipokuwa na __DATE__ na __TIME__.

Ila tarehe pekee bado haikuambii kodi gani iko ndani. Programu iliyolinkiwa Jumanne inaweza kuwa na kodi ya Jumatatu, au ya Jumanne, au ya tawi la mwenzako. Kinachokuambia ni heshi ya git, yaani alama ya kipekee ambayo git, programu inayotunza historia ya kodi, inaipa kila komiti (kila mara mtu anapohifadhi mabadiliko). Hii nayo inaweza kuingia njia ile ile, lakini mi napenda iwe na faili lake, kwa sababu heshi ina tabia tofauti na saa: saa inabadilika kila sekunde, heshi inabadilika pale tu mtu anapokomiti. Kwa hiyo hapa FORCE inafaa, ukiiwekea breki:

```
toleo.h: LAZIMA
	printf '#define TOLEO "%s"\n' "`git describe --always --dirty`" > $@.mpya
	cmp -s $@.mpya $@ || mv $@.mpya $@
LAZIMA:
```

Amri zinafanyika kila mara, ndiyo, lakini cmp inalinganisha mpya na ya zamani, na zikiwa sawa toleo.h haiguswi, muda wake kwenye diski unabaki ule ule, na make ikirudi kuiangalia inaona haijabadilika, inaacha kila kitu kama kilivyo. Usiiweke toleo.h kwenye .PHONY (orodha ya majina ambayo make haiyachukulii kama mafaili), hapo make haitaangalia muda wake tena na breki yako inakufa. toleo.h iingie kwenye muhuri.c tu, na uiongeze pale kwenye mstari wa kwanza pembeni ya muhuri.c. Ile --dirty inaongeza neno -dirty mwishoni kama kuna mabadiliko ambayo hayajakomitiwa, na heshi kwenye skrini ingetuokoa siku mbili za yule mama wa Kariakoo. Ubaya wake ni kwamba ukikomiti kitu kisichohusu, tuseme umerekebisha maelezo tu, programu zote 34 zitalinkiwa mara moja. Kwa mashine yako wewe hiyo bado inauma, kwa hiyo ushauri wangu wa kweli ni huu: kwenye laptopu za madevelopa TOLEO iwe "ya-nyumbani" tu muda wote, heshi halisi iwekwe na seva inayotoa bildi za kwenda kwa wateja. Bildi ya laptopu haitakiwi kufika dukani hata siku moja, na ikifika, skrini itajitaja yenyewe.

Kwenye hiyo seva kuna jambo kubwa zaidi la kufikiria, na kwa programu za malipo mi naliona la lazima. Saa ya ukutani ikiingia ndani ya programu, huwezi kubildi kodi ile ile mara mbili ukapata faili lile lile, kila mara baiti chache zinatofautiana. Maana yake mkaguzi akikuuliza "nitajuaje hii programu iliyoko dukani imetoka kwenye kodi hii uliyonionyesha?" huna jibu la kumwonyesha, unamwomba akuamini. Watu wa Debian (mfumo mmoja wa Linux) wameifanyia kazi hii tangu 2013, na kwenye juhudi hizo ikatoka SOURCE_DATE_EPOCH, ni kigezo cha mazingira chenye sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC. GCC, kompaila ya GNU, kuanzia toleo la 7 la mwaka 2017 ikikikuta inajaza __DATE__ na __TIME__ kutoka humo badala ya saa ya mashine. Unakipa muda wa komiti ya mwisho:

```
export SOURCE_DATE_EPOCH=`git log -1 --format=%ct`
```

Ukitumia ile MUDA yangu, kwenye seva unaandika date -u -d @$$SOURCE_DATE_EPOCH badala ya date -u tupu, dola mbili kwa sababu uko ndani ya makefaili. Sasa tarehe inasema kodi ni ya lini, si ilipikwa lini, na kwa mtu wa sapoti hiyo ndo tarehe yenye maana. Kerneli ya Linux wameenda mbali zaidi, wanakompaili kwa -Werror=date-time, yaani ukiandika __DATE__ popote bildi inakufa hapo hapo, na anayetaka kuchagua muda anaupitisha kwa KBUILD_BUILD_TIMESTAMP. Na nyie iwekeni hiyo bendera kwa kodi yote, itawakamata __DATE__ zilizojificha kwenye mafaili ya zamani ambazo hakuna anayezikumbuka. Zinaharibu na ccache pia, ile inayotunza matokeo ya kukompaili yasirudiwe, faili lenye __TIME__ halipati kitu kwenye kashe, kila mara linakompailiwa kutoka mwanzo.

Kama baadaye mkiona hata hiyo ni nyingi, mnaweza kuacha tarehe ndani ya programu kabisa. Linka ya GNU ina --build-id, inachukua yaliyomo kwenye programu inatoa alama ya herufi na tarakimu 40, inaikalisha ndani ya faili la ELF (muundo wa programu za Linux), na haiondoki hata ukifanya strip, kuondoa vya ziada. Unaisoma kwa readelf -n. Kodi ile ile ikibildiwa kwa namna ile ile kabisa inatoa alama ile ile. Seva ikimaliza bildi inaandika kwenye jedwali: alama hii, komiti hii, tarehe hii. Mteja anasoma herufi nane za mwanzo kwenye skrini, sapoti anatafuta kwenye jedwali. Hamna kulinki kwa ajili ya tarehe hata mara moja, kwa sababu tarehe haimo. Mi naipenda hii kuliko zote, ila inataka jedwali litunzwe kwa nidhamu, na wewe ndo unajua timu yako.

Kuna ujanja wa kupitisha muda kwa --defsym ya linka na kuusoma kama anwani. Usiutumie, programu zikijengwa kwa PIE (zinazoweza kupakiwa popote kwenye memori) anwani inaweza kusogezwa na unapata namba ya ajabu. Kupachika tarehe kwa objcopy, zana ya kuhariri faili la programu, baada ya kulinki kunafanya kazi, lakini kwa mashine zenu programu inasainiwa, kwa hiyo lazima kuwe kabla ya saini.

Mkihama make kwenda zana nyingine ya kubildi, wazo ni hili hili. Kwenye Ninja breki ya cmp inaitwa restat = 1, usipoiweka haitaangalia upya. Kwenye CMake angalia sana string(TIMESTAMP), watu wanaipenda lakini inafanyika wakati wa kukonfigu, si wakati wa kubildi, kwa hiyo inakurudisha kwenye tarehe ya wiki tatu nyuma. Bazel wamelifikiria kabisa, vitu kama muda wanaviweka kwenye volatile-status.txt na wanajifanya faili hilo halijawahi kubadilika, na vyenye jina linaloanza na STABLE_ ndo vinavyosababisha kazi upya. Na muhuri wenyewe umezimwa mpaka uuwashe kwa --stamp.

Ukimaliza kubadilisha, jaribu hivi. Andika make, isubiri imalize, andika make tena. Mara ya pili isikompaili wala kulinki chochote. Alafu fanya touch (inabadilisha muda wa faili tu) kwenye faili moja la programu moja, andika make, ilinkiwe hiyo moja tu, ifungue uone tarehe ni ya sasa hivi, na fungua nyingine uone tarehe yake haijasogea. Kama bado kuna inayolinkiwa bila sababu, andika make --trace, itakutajia kwa kila amri ni faili lipi limeifanya ianze, na nakuhakikishia utakuta ama ile laibrari ya .a, ama kuna makefaili ya ndani ambayo bado ina FORCE yake ya zamani.